Kutatua Fundo, Kutatua Nguo

Katika mwezi wa Septemba mwaka 1946, watu watatu waliokuwa wameizunguka Afrika ya Mashariki kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari yao ikiwa angani ndani ya ndege, walikabidhi kwa serikali ya Uingereza ripoti ambayo, ikitazamwa kwa jicho la mwalimu wa chuo, ilikuwa insha ya tatizo na suluhisho iliyotimiza kila sharti la umbo: tatizo lilitajwa, dawa ilipendekezwa, gharama ilipigiwa hesabu, na faida ilibashiriwa kwa tarakimu. Kiongozi wao alikuwa John Wakefield, ambaye alipata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, kwa hiyo mtu asiyekuwa mgeni wa nchi. Walishauri yafunguliwe mashamba 107, kila moja la eka 30,000, yalimwe karanga katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Jumla yake eka 3,210,000, kwa gharama ya pauni zipatazo milioni 24. Haikutimia miaka mitano. Januari 1951 serikali ile ile ilitangaza kwamba mpango umekwisha, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni kama deni la marehemu asiyeacha kitu.

Naileta habari hii mbele ya wasomaji wa mwisho wa juma kwa sababu huu ni msimu ambao watoto wetu walioko vyuoni hawalali. Muhula unafunga, na kila idara inadai kazi ya utafiti. Na aina ya kazi inayodaiwa mara nyingi, hasa kwa wanaosoma mambo ya jamii, afya, mazingira na utawala, ni hiyo insha ambayo mwandishi wake hutakiwa aonyeshe tatizo lililopo kweli, athibitishe chanzo chake, apime dawa zilizokwisha kujaribiwa, kisha apendekeze ya kwake na kuitetea mbele ya mpinzani. Nimesoma insha za namna hiyo kwa miaka mingi, kalamu nyekundu mkononi, na rai yangu, ambayo sijapata bado sababu ya kuiacha, ni kwamba insha inayokufa hufa katika nusu yake ya kwanza. Mwanafunzi huwa na pupa ya kuyafikia mapendekezo kama mgeni mwenye njaa aliyesikia harufu ya pilau kutoka uani, akalivuka tatizo kwa ukurasa mmoja, ilhali ndilo lililostahili kurasa nyingi kuliko jambo lingine lolote.

Lugha yetu, kwa anayeisikiliza, ina mafunzo yake juu ya jambo hili. Tatizo ni mtoto wa tata, na tata ni hali ya uzi uliojisokota hata usijulikane mwanzo wake wala mwisho wake. Kuuondoa utata huo ni kutatua. Lakini neno hilo hilo lina maana ya kurarua, kama msumari wa mlangoni unavyoitatua kanzu ya mtu apitaye bila ya kutazama. Sikumbuki neno jingine lililobeba hadhari yake ndani ya tumbo lake namna hiyo, maana mkono mmoja, ukiwa na subira, hufungua fundo, na ukiikosa hupasua kitambaa. Suluhisho nalo limetoka katika suluhu, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambalo ni mapatano baina ya waliogombana; na suluhu haifungwi na mtu mmoja. Hutandikwa mkeka, akasikilizwa huyu, akasikilizwa na yule, hata pakapatikana neno ambalo kila upande unaweza kurudi nalo nyumbani. Mwanafunzi anayependekeza suluhisho la shida ya wavuvi pasi na kuketi na mvuvi hata mmoja ameandika hukumu ya kesi ambayo hakuihudhuria.

Turudi kwenye mpango wa karanga, huko Kongwa katika nchi ya Wagogo, maana ndiko nguo ilikoraruka. Vita kuu vya pili vilipokwisha, Waingereza walikuwa wakipewa mafuta ya kula na siagi kwa kipimo cha kadi, na Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipozuru Tanganyika mwaka 1946 alidhani ameiona dawa. Tatizo hilo lilikuwa la kweli, wala sina nia ya kulidharau. Lakini lilikuwa tatizo la jikoni mwa watu wa London, na dawa yake ikatafutwa katika nchi ya Wagogo. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya insha iliandikwa mahali pamoja, na sehemu ya pili ikatekelezwa mahali pengine, na katikati yake palikuwa na pengo lililozibwa kwa matumaini. Nchi ilionekana pana, tambarare kiasi, na wakazi wachache. Uwazi ule ulisomwa kama fursa. Laiti ungalisomwa kama ushahidi, ungaliuliza swali: kwa nini watu wenye akili zao timamu, wakulima wa mtama na uwele na wafugaji wa ng'ombe tangu dahari, waliiacha ardhi yote hii bila ya kuijaza mashamba? Mgogo yeyote mwenye mvi angalijibu kwamba mvua ya huku haina ahadi, na kwamba njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoingia mwishoni mwa vita vya kwanza, haikuwa bado imesahauliwa.

Kisha palikuwa na udongo. Karanga ni mmea wa ajabu, ambao ua lake huchanua juu ya ardhi, na likisharutubishwa huteremsha kikonyo kinachozama mchangani, na tunda hukomaa gizani. Kwa hiyo hutaka udongo laini wa kukipokea kikonyo hicho na wa kuiachia punje siku ya kung'oa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na kiangazi kikiupiga hukaza kama sakafu ya saruji, nao umechanganyika na changarawe kali iliyokuwa ikila makali ya majembe ya trekta kama tupa inavyokula chuma. Matrekta yenyewe mengi yalikuwa mabaki ya vita, mengine yakiwa yamenunuliwa huko Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kupewa jina la Shervick, kana kwamba visiki vya Ugogo ni askari wa adui. Mwaka wa kwanza, 1947, ulikusudiwa eka 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi.

Mtu akiichukua ripoti ile leo hataona kosa katika kuzidisha na kujumlisha. Mashamba 107 mara eka 30,000 ni eka 3,210,000 bila ya shaka yoyote, na hapo ndipo penye mtego ambao hata mwanafunzi wa leo, mwenye majedwali ya rangi na asilimia zenye nukta mbili, hunaswa nao: hesabu sahihi iliyojengwa juu ya dhana isiyopimwa huipa dhana hiyo haiba ya ithibati. Waandishi hawakungoja shamba dogo la majaribio liwape jibu la misimu miwili au mitatu, kwa hoja kwamba haja ni ya haraka. Haraka ilikuwa kweli. Jibu la ardhi halikubadilika kwa ajili yake. (Kwa insafu niseme pia kwamba bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, eneo jingine la mpango ule, ipo hadi leo na inapakia korosho, zao ambalo mpango ule haukuliwaza; makosa makubwa nayo wakati mwingine huacha gati.)

Basi mwaka fulani alinijia kijana wa mwaka wa pili, mpole, nguo zake zimepigwa pasi, akiwa na karatasi mbili zilizochapwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mada?"

"Ndiyo, mwalimu. Tatizo la taka katika miji ya Tanzania."

"Miji mingapi?"

Akanyamaza.

"Nauli ya kuizungukia yote unayo?"

Akacheka, nami nikacheka, na kazi ikaanza. Nilimtaka anitajie taka alizoziona kwa macho yake wiki ile, mahali zilipokuwa na siku yenyewe. Akataja soko la mtaani kwao, ambalo sitalitaja jina, lenye kizimba cha matofali ambamo wachuuzi hutupa maganda ya miwa, majani ya migomba na maembe yaliyooza, na ambacho, kwa maneno yake, "kila mara kimefurika." Nikamwuliza kama ni kila mara, au ni kila mara apitapo yeye. Hakujua. Huo ndio ulikuwa mlango wa utafiti wake, ingawa siku ile aliuona kama ukuta.

Karatasi zake mbili zilikwisha kuwa na mapendekezo, na la kwanza lilikuwa lile ambalo naweza kulisoma nikiwa nimefumba macho: serikali itoe elimu kwa wananchi juu ya umuhimu wa usafi. Mimi ni mwalimu, na elimu ndiyo iliyonilisha, kwa hiyo msomaji hatanidhania kuwa adui yake. Lakini pendekezo hilo limekuwa kama ubani unaofukizwa katika kila nyumba yenye harufu, iwe harufu ya panya au ya mfereji ulioziba. Wanafunzi huliandika kwa maradhi ya kuhara, kwa ajali za bodaboda, kwa utoro wa shule, kwa ukataji wa mikoko. Huliandika kwa sababu halina mpinzani, na pendekezo lisilo na mpinzani aghalabu halina maana pia. Linabeba ndani yake shtaka lisilothibitishwa, yaani kwamba tatizo lipo kwa sababu watu hawajui. Je, muuza miwa hajui kwamba maganda hunuka? Yeye ndiye anayekaa nayo kutwa.

Nikamwomba aende sokoni kwa majuma manne, kila asubuhi na kila alasiri, na daftari la shilingi mia tano, aandike mambo matatu tu: kizimba kimejaa kiasi gani, gari la taka limefika au halikufika, na limeondoka na shehena ya kiasi gani. Azungumze na wazoa taka, na wachuuzi, na dereva, na msimamizi wa soko, kila mmoja kwa staha na kwa wakati usiomharibia kazi. Na wakati huo huo asome waliyoyaandika wengine, kwa sababu mapitio ya machapisho, ambayo wanafunzi huyafanya kama adhabu, wakipanga majina ya wataalamu kama shanga katika uzi, yana kazi moja ya heshima: kumzuia mtu asigundue upya gurudumu, na kumjulisha ni dawa zipi zimekwisha kujaribiwa, wapi zilisaidia, na kwa nini zilishindwa.

Katika kumwonyesha maana ya dawa kuikaa sababu yake, nilimsimulia habari ya mbung'o wa Unguja, ambayo nadhani kila idara ingeifundisha. Kisiwa kilikuwa na mbung'o wa jinsi moja tu, waitwao kwa jina la kitaalamu Glossina austeni, na wakiwaambukiza ng'ombe maradhi ya nagana. Palikwisha kujaribiwa kuwapaka ng'ombe dawa na kutundika vitambaa vilivyotiwa sumu, na mbung'o wakapungua. Lakini hawakumalizika, kwa kuwa katika vichaka na misitu kama Jozani, ambako ng'ombe hawaingii, inzi walibaki wakiwa salama. Ndipo watafiti walipoangalia maisha ya mdudu mwenyewe. Mbung'o jike aghalabu hukutana na dume mara moja tu, na huzaa buu mmoja mmoja, akikaa siku tisa au kumi kabla ya kuzaa mwingine. Kwa hiyo akipandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Huko Tanga walizalishwa madume kwa wingi, wakapigwa miale ya gama hata wakawa tasa, wakasafirishwa kwa ndege na kumwagwa juu ya kisiwa, tangu mwaka 1994, wakazidi milioni nane. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

Kijana alifurahi, akataka kuandika kwamba njia hiyo itumike Tanzania nzima. Nikamrudisha kwenye neno moja: kisiwa. Bahari ndiyo iliyokuwa ua wa kuwazuia mbung'o wapya wasiingie. Bara hakuna ua wa namna hiyo, mbung'o wana jinsi nyingi, na wanyama wa porini huwalisha. Kuwepo kwa jinsi moja tu ya mbung'o katika kisiwa, dawa za kwanza zilizopunguza idadi, na maji pande zote nne, haya yote yalikuwa sehemu ya suluhisho kama walivyokuwa wale madume tasa. Mwandishi mwaminifu huitaja mipaka ya dawa yake yeye mwenyewe, kabla hajatajiwa na msahihishaji, wala haoni kwamba amejishusha, kwa kuwa hakimu humwamini zaidi shahidi anayesema, "Mpaka hapo niliona, zaidi ya hapo sikuona."

Juu ya mambo mengine ya ufundi sitakawia. Utangulizi uwe mfupi. Istilahi zifafanuliwe mara moja na zisibadilishwe njiani kwa tamaa ya kupamba. Kila neno la mwenzio lirudishwe kwake kwa marejeleo, na hili nalisema kwa uzito, kwa kuwa wizi wa maandishi umekuwa mwepesi kuliko kuomba maji ya kunywa, na sasa imekuja hiyo akili mnemba ambayo, ukiiuliza suluhisho la taka, hukumwagia mapendekezo kumi kwa nukta ya saa, yote ya adabu, yote yanayofaa kila mji na kwa hiyo hayana soko lolote ndani yake. Haikusimama kwenye kizimba saa kumi na mbili asubuhi. Anayetaka kushindana nayo ana silaha moja, nayo ni kusimama hapo.

Majuma manne yakapita, na kijana akarudi na daftari limechakaa, lina madoa ya maembe. Alikuwa amegundua kwamba kizimba hakifuriki kila mara. Hufurika Jumapili jioni na Jumatatu, kwa kuwa malori ya matunda kutoka mashambani hushusha Jumamosi, na Jumapili ndiyo siku ya wateja wengi. Gari la taka hupita Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kwa kuwa shehena ya Jumatatu huzidi uwezo wa safari moja, masalio yake hunuka hadi Jumatano. Ijumaa, kinyume chake, gari huondoka nusu tupu. Safari tatu zilizopangwa kwa usawa zilikuwa zikizoa taka zisizokuwa na usawa. Wananchi waliodaiwa kukosa elimu walikuwa wakitupa taka zao mahali walipoelekezwa, na mahali pale palikuwa pamejaa.

Nikamwuliza mpinzani wake atasema nini, maana insha isiyo na hoja kinzani ni ngoma inayochezwa na mtu peke yake. Akasema ameyawazia mawili. La kwanza, kwamba safari ya Ijumaa ikihamishiwa Jumapili, kizimba kitakaa tangu Jumatano bila ya kuzolewa. Akafunua daftari, akanionyesha kwamba tangu Alhamisi hadi Jumamosi asubuhi hakikupata kuvuka nusu hata siku moja katika majuma yote manne. La pili, kwamba hakuna dereva atakayekubali kuingia kazini Jumapili. Hilo hakulijibu kwa kukisia. Alikwenda akamngoja dereva amalize chai, akamwuliza, na yule bwana, aliyekuwa mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, akamjibu kwamba kwa miaka sita amekuwa akiomba Ijumaa zake kwa ajili ya msikiti, hakupewa. Akipewa Ijumaa, Jumapili watamkuta garini kabla ya adhuhuri.

Kazi aliyoikabidhi ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Kumi na mbili zilikuwa za tatizo na ushahidi wake, tatu za machapisho, moja na nusu ya hoja kinzani na majibu yake, na mwisho wake palikuwa na mipaka ya utafiti, iliyosema bayana kwamba majuma manne hayatoshi kuzungumza juu ya masika. Pendekezo lilikuwa moja, nalo lilichukua nusu ukurasa.